Aliyesoma Hadi Baiti ya Mwisho

Hakuwa mtu wa kuanza na salamu. Ukipanda zile ngazi za chuma nyuma ya duka la vitenge, pale mtaa wa Asiatique, ukasukuma mlango, sauti yake ilikufikia kabla hujatua mkoba: "Umeifungua namna gani?" Alimaanisha faili. Alitaka kujua kama umeifungua kama maandishi ya kusomwa na watu, au kama baiti tupu, moja baada ya nyingine, bila kudhani lolote. Ukijibu sawasawa, ndipo alipotabasamu kidogo na kusema, "Haya, karibu. Nyumbani wazima?" Ukikosea, ulirudi ngazini ukafikiri, kisha ukabisha hodi upya kama mgeni.

Sisi tulimwita Mwalimu. Ndugu zake wenye duka walimwita kwa jina la utotoni, na majirani Waarabu na Wahindi wa mtaa ule walikuwa na majina yao ya kumwitia, lakini kwangu mimi hakuwahi kuwa na jina zaidi ya hilo.

Chumba chake kilikuwa na kompyuta sita, na hakuna iliyofanana na mwenzake. Feni ilikuwepo, ila darasa likianza aliizima, akisema inakula mawazo, nasi tukatoka jasho mpaka adhuhuri, alipotuacha kwenda kuswali. Nilipomfahamu alikuwa amevuka hamsini. Mtandio mweusi, miwani iliyofungwa kamba shingoni, raba za turubai za wachezaji mpira. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye ofisi moja ya ramani, na alichotoka nacho huko ni ujuzi wa kuandika programu, pamoja na shaka kubwa juu ya mashine yoyote inayokuambia "imekamilika."

Watu walimdhania anafundisha kompyuta. Kwa kweli alifundisha swali moja. Siku ya kwanza alikupa faili mbili kwenye flashi, akakwambia: "Andika programu iniambie, mule ndani ni sawa ao si sawa." Basi. Mimi, binti wa wazazi waliovuka mpaka kutoka Uvira, niliyekuja na cheti cha sekondari na kiburi kingi, nilifikiri ningemaliza kabla ya chakula cha mchana. Nilimaliza baada ya miezi minane.

Kila ulichoegemea alikuondolea. Ukisema faili zina jina moja, alijibu, "Jina ni nguo. Mutu anavaa, mutu anavua." Ukisema zina tarehe moja, alijibu kwamba tarehe ni saa ya ukutani, yeyote mwenye kiti anaweza kupanda akaigeuza. Ukubwa aliuheshimu, lakini kwa upande mmoja tu. "Ukubwa ukiwa tofauti, usijisumbue. Funga, si sawa, enda ukunywe chai. Ukubwa ukiwa moja, hapo ndiyo kazi inaanza." Kazi yenyewe ilikuwa kusoma faili zote mbili kipande kwa kipande, kulinganisha kila baiti na mwenzake, mpaka mwisho. Baiti iliyo tofauti aliificha mahali pabaya kuliko pote: ya mwisho kabisa, kwenye faili kubwa, ili mwenye kuchoka njiani aumbuke.

Na alikuwa na hila nyingine mbaya zaidi. Programu yako ikiwa katikati ya kusoma, alikuja nyuma yako taratibu na raba zake zisizo na sauti, akaichomoa flashi. Kisha akasoma kioo cha kompyuta. Wengi wetu programu zetu ziliandika "sawa", kwa kuwa hazikuona tofauti yoyote. Nyingine ziliandika "tofauti."

"Zote mbili ni uongo," alisema. "Majibu iko tatu: sawa, tofauti, sijui. Mutu mwenye hana 'sijui', apana andika programu. Auze vitenge kule chini, kitenge hakiuwi mutu."

Tulicheka. Yeye hakucheka.

Alikuwa mkatili, na sitaki kumpamba. Darasani kwetu alikuwepo kijana mmoja wa Kiriri, mtaa wa wakubwa kule juu, mtoto wa mkubwa fulani, mwepesi wa akili na wa ulimi. Mwalimu alituagiza kila mmoja alete picha anayoipenda. Kijana alileta ya bibi yake, amekaa mbele ya nyumba ya zamani huko milimani. Mwalimu akatengeneza nakala, akampa faili mbili. Yule kijana aliandika programu ya mistari michache, akatumia njia ya kulinganisha maneno. Njia hiyo ikikutana na sufuri hudhani neno limekwisha, husimama hapohapo. Picha imejaa sufuri tangu mwanzo wake.

"Imesema sawa, Mwalimu."

"Uko hakika?"

"Niko hakika."

"Basi futa moja."

Kijana aliinua macho. Sisi wote tuliacha kuandika. Nadhani alisikia hatari, lakini tulikuwa tunamtazama, na yeye hakuwa mtu wa kurudi nyuma mbele za watu. Akafuta.

"Sasa fungua yenye imebaki."

Juu palionekana kipande cha mbingu na ukingo wa bati. Kuanzia hapo kwenda chini ilikuwa kijivu tupu. Bibi hakuwepo. Mwalimu alikuwa ameiharibu moja kwa siri, na ile aliyoifuta kijana ndiyo iliyokuwa nzima.

"Mwalimu, ile ilikuwa ya mwisho," alisema, na sauti yake ikawa ya mtoto. "Bibi amesha kufa."

"Sufuri si mwisho," Mwalimu alimjibu. "Mwisho ni mwisho."

Nakala nyingine, nzima, ilikuwa kwenye droo ya Mwalimu tangu asubuhi. Alimwacha kijana kwa juma zima ndipo akamrudishia. Nilimwambia, maana mimi nilikuwa mmoja wa wachache waliothubutu: "Mwalimu, ulimuumiza." Akasema, "Ndiyo." Nikamwambia angeweza kuacha masomo. Akasema, "Anaweza." Na kweli kijana aliacha.

Mama yake alipoteremka kutoka Kiriri na gari kubwa, akaingia dukani huku akipaza sauti, Mwalimu aliyetutisha sisi sote alijificha nyuma ya majora ya vitenge. Nilikuwa nimesimama mlangoni; niliona raba zake zikitokeza chini ya kitambaa cha manjano. Wifi yake alimwambia yule mama kwamba Mwalimu amekwenda msikitini. Ilikuwa saa nne ya asubuhi. Wenye vyeo, wenye gari, wenye kusema Kifaransa cha puani, aliwaogopa kama mtoto anavyoogopa mbwa. Mbele yao alitazama chini, na maneno yake yote makali yalimtoroka.

Alikuwa na mengine yasiyopatana. Alikuwa akiona baiti moja iliyopotoka kati ya milioni, lakini mimi na binti mmoja wa Bwiza, ambaye hatufanani hata pua, alitubadilishia majina muda wote. Alikataza neno "karibu sawa" darasani, lakini chai yake aliipika kwa kukisia, siku nyingine tangawizi tupu, siku nyingine maji ya moto. Miwani aliitafuta ikiwa shingoni.

Nilipomaliza kwake nilipata kazi kwenye kliniki moja ya binafsi huko Kinanira. Nilitunza kompyuta za chumba cha picha: mgonjwa anapitishwa kwenye skana, mashine inatoa picha za ndani ya mwili, kipande baada ya kipande, na kila kipande kinakuwa faili. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha picha za kila mgonjwa zinafika kwa daktari wake. Ilikuwa kazi ya utulivu. Nilimpigia Mwalimu mara mojamoja kumsalimia, naye aliniuliza ninafungua faili namna gani.

Juma ninalotaka kulieleza, mashine ya skana iligoma siku ya Jumatatu umeme ulipokatika, ikawashwa upya, na mpiga picha akatuma tena baadhi ya picha kwa mkono. Hakuna aliyejali, maana mambo hayo hutokea. Alhamisi niliingia kazini saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuandaa picha za upasuaji wa saa tatu. Mgonjwa alikuwa mama mmoja mshonaji wa Buyenzi. Figo lake la kushoto lilikuwa na uvimbe mbaya, ndivyo ripoti ilivyosema, na lilikuwa linatolewa lote. Jana yake alikuwa ameniuliza koridoni kama baada ya kupasuliwa ataweza bado kukanyaga cherehani. Nilimwambia amuulize daktari.

Nilipokuwa napitisha picha zake kwenye kioo, nikaona karibu na uti wa mgongo doa jeupe dogo, kama punje ya mchele. Nikaacha kupitisha. Nilikuwa nimeiona punje ile. Niliiona juzi, kwenye picha za mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, aliyelazwa wodi ya pili. Naye alikuwa na uvimbe wa figo la kushoto, naye alikuwa wa kupasuliwa, kesho yake Ijumaa. Ripoti zao ziliandikwa na madaktari wawili, siku mbili tofauti, kwa maneno tofauti, na hakuna aliyeziweka mezani pamoja. Nilimsikia muuguzi mmoja akisema ni ajabu, wiki moja figo mbili za namna moja.

Nilikuwa na programu yangu ya kwa Mwalimu. Nikaipa faili ya mama na faili ya mzee, kipande kilekile chenye punje. Haikuchukua hata sekunde. Tofauti.

Nilishusha pumzi. Nikajaribu kipande kingine. Tofauti. Picha zote mia na themanini: tofauti, tofauti, tofauti. Nilipaswa kufurahi. Lakini punje ya mchele ilikuwa palepale kwenye vioo viwili. Saa moja kasoro dakika kumi nilimpigia.

"Umefungua namna gani?" alisema.

Nikamweleza yote kwa haraka. Nikamwambia programu imesema tofauti.

"Imesoma mpaka wapi?"

"Haikusoma, Mwalimu. Ukubwa si moja. Imefunga palepale, vile ulitufundisha."

Kwenye simu nilisikia mlango wa duka ukivutwa.

"Zinaachana kwa baiti ngapi?"

Nikatazama. "Sita. Ya muzee ni kubwa, baiti sita."

"Na zile zingine?"

Nilipitia kumi, ishirini. Kila mahali, faili ya mzee ilizidi ya mama kwa baiti sita. Si tano, si saba.

"Mule ndani ya fishye, mbele ya picha, wanaandika nini?" Fishye, kwake, ni faili.

"Jina la mugonjwa. Nambari yake, tarehe ya kuzaliwa, mume ao muke. Kisha picha inaanza."

"Hesabu herufi za jina la mama. Kisha hesabu za muzee."

Nikahesabu kwa kidole juu ya kioo, nikakosea, nikaanza tena. Jina la mzee lilikuwa refu kuliko la mama kwa herufi sita.

Hapo nilielewa, na nilikaa chini bila kutafuta kiti, nikaketi juu ya boksi la karatasi. Jina lilikuwa limeisukuma picha mbele hatua sita. Mambo mengine ya mbele, nambari na tarehe, yalikuwa na urefu uleule kwa kila mtu. Ukiziweka faili mbili sambamba, baiti ya kwanza kwa ya kwanza, kila kitu baada ya jina kinaonekana tofauti, kama watu wawili wanaosoma sala moja, mmoja amechelewa kuanza.

"Ruka kichwa," alisema. "Anza pale picha inaanza, kwa kila moja pale pake. Soma mpaka mwisho. Mi nakuja."

"Mwalimu, mafuta hakuna mujini, utakuja na nini?"

Alikuwa amekwisha kata simu.

Nilibadilisha programu. Mara mbili niliandika mstari mmoja vibaya. Saa moja na nusu nilisikia magurudumu ya kitanda koridoni na nikatoka mbio: alikuwa mgonjwa mwingine. Nikarudi. Nikaiendesha. Kipande cha kwanza: sawa. Cha pili: sawa. Nilitazama neno lile likishuka kwenye kioo mara mia na themanini, na sijawahi kulichukia neno kama siku ile.

Mwili mmoja ukipigwa picha mara mbili hautoi baiti zilezile. Mtu anapumua, damu inatembea, mashine yenyewe ina mtetemo wake. Miili miwili kufanana mpaka baiti ya mwisho haiwezekani kabisa. Picha zile zilikuwa za mtu mmoja. Za mwenzake zilipotea Jumatatu.

Nikaenda kwa mkuu wa chumba cha picha. Akaniambia mashine ile imetoka Ulaya, haikosei, nami nisipeleke habari za kutisha watu bila karatasi. Nikaenda mlango wa chumba cha upasuaji. Muuguzi akasema daktari ananawa mikono. Mama mshonaji alikuwa amelala kitandani kando ya ukuta, amevikwa kofia ya kijani, macho wazi, amekwisha pewa dawa ya kutuliza. Alinitambua. "Dada," alisema kwa ulimi mzito, "nilimuuliza. Amesema nitakanyaga."

Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini Mwalimu alipoingia. Alikuwa ametembea kutoka Asiatique mpaka nusu ya njia, kisha mtu wa lori la mchanga akampakia. Pindo la gauni lake lilikuwa jekundu kwa vumbi, na alikuwa akihema. Hakunisalimia. Alikaa mbele ya kompyuta yangu, akasoma programu yangu mstari kwa mstari, kwa kidole, huku saa ya ukutani ikipiga juu ya vichwa vyetu. Nilitaka kumvuta. Alipofika mwisho akasema, "Ni vizuri," neno ambalo hakuwahi kuniambia miezi yote minane, kisha akasema, "Iko wapi dokta?"

Daktari mpasuaji alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na kliniki nzima ilimwogopa. Alitoka mikono imeinuliwa, inadondosha maji.

"Ni nani ameruhusu huyu mama kuingia huku?"

Nikamwona Mwalimu akitazama sakafu. Nilimwona akitafuta, nakuapia, jora la kitenge la kujifichia. Nikaanza kueleza mimi, nikachanganya, baiti, jina, herufi sita, na daktari akageuka kurudi ndani.

"Dokta," Mwalimu alisema. Sauti ilitoka ndogo. Akameza mate. "Zile picha ni za mutu mumoja."

Daktari akasimama. "Picha gani?"

"Za huyu mama, na za muzee wa kesho. Majina iko mbili, mutu iko mumoja. Binti amesoma zote, na mi nimesoma kazi yake."

"Kwa hiyo uvimbe ni wa nani? Mama ao muzee?"

"Sijui."

"Madame." Akazungumza polepole, kama mtu anayejizuia. "Umekuja mpaka kwa mlango wangu, mugonjwa wangu amelala pale, kuniambia haujui?"

"Ndiyo, dokta." Hapo aliinua macho. "Na we pia haujui."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye viwiko vya daktari. Alimtazama Mwalimu, akanitazama mimi, akatazama kitanda kando ya ukuta. Kisha akamwambia muuguzi, bila kupaza sauti, alete mashine ya ekografi, ile ya kupitishwa juu ya ngozi ikaonyesha ndani, palepale koridoni, sasa hivi.

Walimfunua ubavu yule mama. Daktari mwenyewe alishika kile kifaa. Alikipitisha mara moja, mara ya pili, akabonyeza kwa nguvu, akageuza kioo ili mwanga usimsumbue. Figo la kushoto lilikuwa zima. Palikuwa na kijiwe kidogo ndani yake, ambacho ndicho kilichomletea maumivu na damu. Jiwe la kutibiwa kwa maji mengi na dawa.

Daktari alifuta mafuta kwenye ubavu wa mama kwa mkono wake mwenyewe, akamfunika. Akaenda wodi ya pili na mashine ileile. Uvimbe ulikuwa kwa mzee. Alipasuliwa siku iliyofuata, akaishi.

Nilitoka nje nikamkuta Mwalimu amekaa kwenye ngazi za kliniki, raba amevua, kisigino kina lengelenge. Nilifikiri atakuwa na furaha. Alikuwa analia.

"Ungenisikiliza," alisema, "yule mama saa hii angekuwa na figo moja. 'Ukubwa ukiwa tofauti, funga.' Nimewaambia watoto wangapi?"

"Lakini ni kweli, Mwalimu. Fishye zilikuwa tofauti."

"Ni kweli. Mutu akikuuliza fishye. Nani alituuliza fishye?"

Kwa majuma mawili sikujua kama bado nina kazi. Mkurugenzi alitaka niandike kwamba ulikuwa ukaguzi wa kawaida. Niliandika ilivyokuwa, na daktari mpasuaji akatia sahihi yake chini ya yangu. Mwalimu naye, Jumamosi iliyofuata, alisimama mbele ya darasa lake, akawaeleza makosa yake yote kuanzia mwanzo, na jinsi yalivyokaribia kumgharimu mtu asiyemjua. Binti wa Bwiza, aliyekuwa amebaki pale akimsaidia kufundisha, aliniambia kwamba alimaliza, akawaruhusu waende nyumbani mapema, kitu ambacho hakikuwahi kutokea. Tangu siku hiyo, kabla ya kumpa mwanafunzi faili, alimuuliza kwanza: "Unatafuta nini?" Akaitafuta simu ya yule kijana wa Kiriri aliyempotezea bibi yake kwa juma zima. Alimpigia. Kijana hakupokea. Alimpigia tena mwaka uliofuata, na sijui kama alipokea.

Miaka ilipita. Nilipewa usimamizi wa picha zote za kliniki. Nikaolewa, nikazaa, simu zangu kwa Mwalimu zikawa za sikukuu tu.

Asubuhi moja nilirudi kazini baada ya siku chache za kumuuguza mama yangu, aliyekuwa amerudi Uvira, nikamkuta kwenye benchi la wagonjwa. Sikumtambua mara moja. Mtandio ulikuwa umemzidi ukubwa. Alikuwa na bahasha kubwa ya kahawia magotini, na mikono yote miwili juu yake, kama anayezuia isipeperuke.

"Wamenipiga picha juzi, haukuwepo," alisema. "Saa nne nitaonana na daktari. Nimesoma ripoti." Akanitajia neno lililoandikwa pale. Ulikuwa uvimbe mbaya, kwenye ini, na ulikuwa umeenea.

Nilikaa kando yake.

"Nataka uangalie," alisema. "Kama ni yangu."

Nilimwelewa. Niliingia ofisini, nikafunga mlango. Ofisi ile ina dirisha la kioo kuelekea kwenye benchi, na nilimwona muda wote, amekaa wima, hatazami upande wangu. Nilichukua picha zake, nikazilinganisha na za kila mtu aliyepita kwenye mashine ile juma lile, kisha mwezi ule. Niliruka vichwa, niliruka majina, nilisoma kila kipande hadi mwisho. Nilikuwa nikiomba nipate mwenzake. Nilikuwa nikiomba, Mungu anisamehe, ini lile liwe la mtu mwingine, mtu nisiyemjua, mwenye watoto wake. Tofauti. Tofauti. Nikaendesha mara ya pili. Mara ya tatu nilibadilisha programu kidogo, kama anayejaribu ufunguo uleule kwa mkono wa kushoto. Kisha nikamwita mpiga picha, nikamuuliza kama siku ile mashine iligoma, umeme ulikatika, kuna chochote alichotuma kwa mkono. Hakikuwepo. Nikatoa kwenye kumbukumbu za kliniki picha yake ya zamani ya mbavu, pale alipowahi kuvunjika akiwa msichana, nikatazama mfupa uliounga vibaya. Ulikuwa uleule kwenye picha mpya.

Nilipotoka saa ilikuwa inakaribia nne. Nilikaa.

"Umerudia mara tatu," alisema. Kumbe alikuwa akiniona.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na?"

"Ni yako."

Aliitikia kwa kichwa. Akaikunja pembe ya bahasha, akaikunjua, akailainisha kwa kidole gumba. Mtu mmoja alipita na mtoto anayelia, akatungoja sote tuvute miguu, akaenda.

"Miaka yote nimeogopa mukosee," alisema. "Leo nilikuwa naomba Mungu ukosee. Mara moja tu."

Nilimshika mkono. Ulikuwa mwepesi, na haukunishika, kisha ukanishika sana. Ndani muuguzi alifungua mlango akaita zamu yake.

"Ingia na mi," alisema, akiinuka polepole, bahasha kifuani. "Mi sitasikia vizuri mule. We sikiliza yote. Kisha utakuja nyumbani uniambie, kidogo kidogo."

Nikaichukua bahasha, nikampa bega, tukaingia.